Mwaka Mikeka Ilipochanika Sheffield: Stori Nzima ya Bingwa wa Dunia "Asiyefanya Mazoezi"

Kila snuka inapotajwa mitandaoni, lazima atokee mtu wa kuleta stori ya yule jamaa wa Ubelgiji. Eti alikuwa hafanyi mazoezi, anakunywa na washkaji mpaka kunakucha, anashinda ndani kwenye gemu, halafu akaenda zake Uingereza akabeba ubingwa wa dunia na pauni 500,000 juu. Stori tamu, hasa kwa mtu ambaye kila siku anasema ataanza kusoma kesho.

Na wala si uzushi. Luca Brecel aliyasema hayo kwa mdomo wake mbele ya waandishi wa habari, Aprili 2023, tena bila aibu. Shida ni kwamba stori inayosambaa imeanzia katikati. Kilichokatwa ni miaka 11 ya nyuma. Kingine ambacho wengi hawakijui ni kwamba kwenye mashindano yale mshangao haukuwa wake peke yake. Vigogo walidondoka mmoja baada ya mwingine kama embe mbivu, na kuna dogo wa miaka 20 kutoka China alibakiza fremu tatu tu kuingia fainali, zikamshinda.

Sasa, wanaocheza pool kitaa wasidhani snuka ni pool yenye mipira mingi. Meza ya snuka ina urefu unaokaribia mita 3.6 na upana wa mita 1.8, wakati ile ya baa inapita mita mbili kidogo tu. Mashimo ni ya kubana na kona zake zimeviringwa, yaani mpira ukigusa ukingo vibaya unatemwa. Kuna mipira myekundu 15 yenye pointi 1 kila mmoja, na sita ya rangi: njano pointi 2, kijani 3, kahawia 4, bluu 5, pinki 6 na mweusi 7. Ukiingiza mwekundu unapiga wa rangi, ule wa rangi unarudishwa mezani, unatafuta mwekundu mwingine, hivyo hivyo mpaka ukose. Nyekundu zikiisha unamalizia za rangi kwa mpangilio. Ukiingiza zote bila kukosa, na kila baada ya mwekundu ukaingiza mweusi, unapata 147. Hiyo ndiyo ndoto ya kila mchezaji.

Ukikosa, unakaa kwenye kiti. Na mateso yote ya mchezo huu yako kwenye hicho kiti. Kwenye boli ukizidiwa unaweza kukimbia zaidi, kukaba, hata kumvuta mtu jezi. Kwenye snuka unakaa na glasi yako ya maji ukimwangalia mwenzako anavyokumaliza, umevaa kizibao na tai ndogo ya shingoni, kamera iko usoni, na huna la kufanya.

Mashindano ya dunia yanachezwa kwenye ukumbi wa Crucible, Sheffield, tangu 1977. Ni ukumbi wa maigizo, mdogo, viti 980 hivi, na watu wa mbele wako karibu kiasi kwamba mchezaji anasikia mtu akikohoa. Wanaingia wachezaji 32: 16 wa juu kwenye viwango na 16 waliopenya kwenye mchujo. Siku 17. Raundi ya kwanza anashinda anayetangulia kufika fremu 10, raundi ya pili na robo fainali ni 13, nusu fainali 17, fainali 18. Nusu fainali moja inagawanywa vipindi vinne na inakula siku tatu. Siku tatu, watu wawili, meza moja!

Urefu huo umewekwa kwa makusudi. Kwenye mechi fupi mtu yeyote anaweza kubahatisha. Fremu zikizidi 30, bahati inaisha mfukoni na kinachobaki ni uwezo. Ndiyo maana Crucible ikitoa bingwa asiyetegemewa watu wanamsimulia miaka na miaka. Mwaka 1986 Joe Johnson wa Bradford, ambaye alikuwa hajawahi kushinda hata mechi moja kwenye ukumbi ule, alimfunga mfalme wa enzi hizo, Steve Davis, 18-12 kwenye fainali. Wachezesha kamari walikuwa wamempa 150 kwa 1. Mwaka 2005 ikawa zamu ya Shaun Murphy, kijana wa miaka 22 aliyetokea kwenye mchujo, naye akiwa na 150 kwa 1 hiyo hiyo, akamfunga Matthew Stevens 18-16. Jina la Murphy likae kichwani, litarudi huko mbele, na halitarudi vizuri.

Mashindano ya 2023 yalianza mchezo wenyewe ukiwa na doa. Wachezaji 10 wa China walikuwa wamesimamishwa kwenye uchunguzi wa kupanga matokeo na kubeti. Mmoja wao alikuwa Zhao Xintong, kijana wa mkono wa kushoto aliyeshinda UK Championship mwishoni mwa 2021. Fainali ile alimchapa 10-5 mtu anayeitwa Luca Brecel. Kwa hiyo mwaka huo Zhao yuko nje, anasubiri hukumu, na Brecel anaingia Sheffield akiwa namba 10 duniani, hakuna anayemzungumzia.

Siku ya tatu tu, Aprili 17, mwanaharakati wa mazingira alipanda juu ya meza katikati ya mechi ya Robert Milkins na Joe Perry, akamwaga unga wa rangi ya chungwa kitambaa kizima. Mwenzake alitaka kufanya fujo kwenye meza ya pili, refa akamuwahi. Ile mechi ya meza ya unga ilibidi isogezwe hadi kesho yake. Basi watu wakadhani hilo ndilo litakuwa tukio la mwaka.

Judd Trump, bingwa wa 2019 na mtu aliyecheza fainali mwaka mmoja tu nyuma, alitolewa raundi ya kwanza na Anthony McGill wa Scotland, 10-6. Ali Carter, aliyewahi kufika fainali mara mbili, akatolewa kwa 10-6 hizo hizo na Jak Jones wa Wales, mtu ambaye ndiyo kwanza alikuwa anakanyaga Crucible. Waliosema Jones kabahatisha walisubiri raundi ya pili, akampiga Neil Robertson wa Australia, bingwa wa 2010, 13-7. Kyren Wilson yeye alipiga 147 raundi ya kwanza, ukumbi mzima ukasimama. Mechi iliyofuata John Higgins akamkung'uta 13-2.

Kulikuwa na sinema nyingine ya Hossein Vafaei wa Iran. Alimtoa Ding Junhui, halafu kabla ya kukutana na Ronnie O'Sullivan akamshambulia kwa maneno, kwamba hauheshimu mchezo na angestaafu tu. Kwenye mechi yenyewe Vafaei alifika mahali akaanza fremu kwa kuibomoa ile pembetatu ya mipira myekundu kwa nguvu zote, kama mtu wa pool anayetaka kuonesha wenzake baa. Kwenye snuka hakuna anayefanya hivyo, unakuwa umempa mpinzani meza iliyoiva. Ronnie alikula mezani kimya kimya. 13-2.

Ila mechi ya raundi ya kwanza iliyokuwa na historia ndani yake ni ya Murphy na Si Jiahui.

Rudi nyuma kidogo, Novemba 2021, kwenye UK Championship. Si alikuwa kijana mdogo aliyeshushwa kutoka kwenye orodha ya wachezaji wa kulipwa, kaalikwa kujaza nafasi kama mchezaji wa ridhaa. Akamfunga Murphy 6-5. Murphy akatoka akiwa amefura, akasema wazi kwamba wachezaji wa ridhaa hawatakiwi kabisa kuwemo kwenye mashindano ya watu wanaotafuta mkate wao. Hoja yake ilikuwa kwamba yeye anacheza na presha ya kulisha familia na dogo hana cha kupoteza. Wapo waliomuelewa. Wengi walimuona anamlilia mtoto aliyemfunga kihalali, tena yeye mwenyewe, kijana wa 150 kwa 1.

Halafu Aprili 2023 droo ikawakutanisha tena, safari hii Crucible. Murphy alikuwa kwenye moto wa hatari, ametoka kushinda Players Championship na Tour Championship ndani ya miezi miwili, na wengi walimuweka juu kabisa kwenye mikeka yao. Si alikuwa amerudi kwenye kulipwa, amepitia mchujo, miaka 20, mara yake ya kwanza kuingia ukumbini kama mchezaji. Wakaenda mpaka 9-9. Fremu ya mwisho akaichukua Si. Safari hii hapakuwa na la kulalamikia.

Dogo hakuishia hapo. Akamfunga Milkins 13-7, akaenda robo fainali na McGill, yule aliyemtoa Trump, ikafika 12-12, na hapo pia akashinda. Akawa mchezaji mdogo zaidi kufika nusu fainali ya dunia tangu O'Sullivan mwaka 1996. Kwa China, iliyokuwa inasemwa vibaya kila kona kwa ajili ya wale 10, kijana huyu alikuwa kama mtu aliyekuja kusafisha jina la nyumba.

Sasa Brecel.

Alizaliwa 1995, Dilsen-Stokkem, mji mdogo wa Ubelgiji, nchi inayojulikana zaidi kwa baiskeli na akina Eden Hazard kuliko snuka. Akiwa na miaka 14 alikuwa bingwa wa Ulaya wa vijana wa chini ya miaka 19. Mwaka 2012, akiwa na miaka 17 na siku 45, akawa mtu mdogo kuliko wote kuwahi kucheza Crucible. Magazeti yakaandika kwamba bingwa wa kesho kaonekana. Stephen Maguire akamfunga 10-5.

Kesho ikachelewa. Alirudi Crucible 2017 na ndiyo ikawa mbaya zaidi: aliongoza 7-1 dhidi ya Marco Fu wa Hong Kong, anahitaji fremu tatu tu, akapoteza 10-9. Mwaka 2018 akatolewa raundi ya kwanza na Ricky Walden. Mwaka 2019 akatolewa raundi ya kwanza na Gary Wilson, 10-9 tena. Mwaka 2022 akatolewa raundi ya kwanza na Noppon Saengkham wa Thailand. Safari tano, ushindi sifuri. Katikati alishinda vikombe vingine, China Championship mwaka huo huo wa 2017 na Scottish Open ya 2021, kwa hiyo uwezo ulikuwepo. Pale Sheffield tu ndipo palikuwa na kitu kinamkaba koo.

Hicho ndicho kipande kinachokosekana kwenye zile posti za "alilewa akashinda". Jamaa aliyeacha mazoezi kabla ya mashindano ya 2023 alikuwa amepiga mipira tangu utotoni, na mazoezi yote hayo hayakuwahi kumpa hata mechi moja Crucible. Akaamua liwalo na liwe. Akawa anacheza gemu, anatoka na marafiki, na kati ya mechi na mechi anarudi zake Ubelgiji badala ya kukaa hotelini Sheffield akijitafuna kucha. Mtu mwenye miaka miwili ya kushika fimbo akiiga hilo, atakachopata ni usingizi mwingi na mkeka uliochanika.

Raundi ya kwanza, Walden huyo huyo wa 2018. 10-9, Brecel anapita kwa tundu la sindano. Raundi ya pili Mark Williams, bingwa wa dunia mara tatu, 13-11. Robo fainali, O'Sullivan, bingwa mtetezi, mtu wa mataji saba ya dunia, aliyetoka kumla Vafaei 13-2.

Vipindi viwili vya kwanza vilipoisha Ronnie alikuwa mbele 10-6. Fremu tatu amalize. Waliokuwa wamembetia Ronnie walishaanza kuhesabu hela. Kipindi cha mwisho Brecel alirudi na kushinda fremu saba mfululizo, 13-10, tena kwa kasi, akipiga mipira ya mbali ambayo mtu mwenye akili ya kawaida angeiacha. Ronnie hakupata fremu hata moja. Mtu ambaye miaka yote ndiye huwafanyia wenzake hivyo, siku hiyo yeye ndiye alikuwa kwenye kiti.

Nusu fainali ya Brecel na Si ndiyo mechi ambayo mtu akiwa na muda wa kutafuta moja tu ya mwaka ule, atafute hiyo. Baada ya vipindi viwili Si alikuwa mbele 11-5. Kipindi cha tatu akaongeza tatu za haraka, 14-5. Yaani anahitaji tatu, Brecel anahitaji 12. Kipindi hicho kilikuwa kimebakiza fremu tano, kwa hiyo hesabu ilionesha kabisa kwamba kipindi cha nne kinaweza kisichezwe, watu warudishe tiketi. Na aliyekuwa anafanya hivyo si mkongwe. Ni mtoto wa miaka 20 anayecheza Crucible kwa mara ya kwanza, mpole, hana mbwembwe, anaingiza mipira kama anaokota embe chini ya mti.

Pale Crucible hakuna mtu aliyewahi kurudi kutoka nyuma kwa fremu tisa.

Brecel akachukua moja. Hakuna aliyeshtuka. Akachukua ya pili, ya tatu. Alikuwa anapiga kila kitu kinachopigika na vingine visivyopigika, mpira ukiwa upande wa pili wa meza yeye anauendea, na ulikuwa unaingia. Kipindi kikaisha: tano mfululizo, 14-10. Bado Si yuko mbele kwa nne, bado anahitaji tatu tu, ila alienda kulala akiwa na kitu kipya kichwani. Anayejua hicho kitu ni yule aliyewahi kuongoza kwa mbali akaanza kuona mtu anakuja. Unaanza kupiga mpira wa leo ukiwaza matokeo ya kesho. Mkono unakuwa mzito. Mpira uliokuwa unauingiza umefumba macho unaugusa ukingo unatemwa.

Kipindi cha mwisho mtoto hakuwa yule wa juzi. 14-11. 14-12. 14-13. 14-14. Brecel akapita, 15-14, kisha 16-14. Fremu 11 mfululizo! Si akapata nguvu ya kuchukua moja, 16-15, na kwa dakika chache ilionekana kama fremu ya mwisho ya maamuzi inakuja, mahali ambapo dogo alikuwa amewatoa Murphy na McGill. Haikuja. 17-15. Brecel fainali.

Hapo ndipo ile mechi ya 2017 inapopata maana yake. Brecel alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha Si. Aliwahi kuongoza 7-1, akaziona zote zikiondoka, kwenye ukumbi ule ule, mbele ya watazamaji walio karibu vile vile. Alijua anayeongoza anawaza nini usiku. Kwa hiyo kumuita mtu ambaye hakujali ni kumkosea. Ukiangalia vizuri ni mtu ambaye kufungwa hakukuwa tena na kitu kipya cha kumuonesha, ndiyo maana mkono wake ulibaki mwepesi. Na Si, kwa upande wake, hakufanya uzembe wowote. Alikuwa anajifunza kwa mara ya kwanza, mbele ya dunia nzima, somo ambalo mwenzake alilisoma kwa miaka 11.

Fainali ilikuwa na Mark Selby, bingwa wa dunia mara nne, mwanaume anayesifika kwa kubana mchezo mpaka mpinzani anasahau jinsi ya kushika fimbo. Selby alikuwa amemtoa Mark Allen 17-15, na miezi ya nyuma alikuwa ameongea hadharani kuhusu kuugua sonona, jambo ambalo wanaume wa michezo hawalisemi mara nyingi. Uwanja mzima ulikuwa na sababu ya kumpenda.

Jumapili usiku, Aprili 30, kwenye fremu ya 16, Selby alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kwenye fainali ya dunia: alipiga 147. Mipira 36, hakuna hata mmoja uliokosa, mbele ya mpinzani wake aliyekaa kwenye kiti. Ukumbi ulipasuka kwa shangwe, Brecel akaenda kumkumbatia. Lakini uzuri na ukatili wa mchezo huu ni kwamba 147 inahesabiwa fremu moja tu, sawa na fremu uliyoshinda kwa kubahatisha. Siku iliisha Brecel akiwa mbele 9-8.

Jumatatu mchana Brecel akaenda 15-10, usiku akaongeza, 16-10. Halafu ile filamu ikageuzwa. Selby akachukua tano mfululizo. 16-15. Sasa anayekimbizwa ni Brecel, na anayekimbiza ni mtu ambaye kazi yake maishani ni kukimbiza watu pole pole. Waliokuwa wamemuona Si siku mbili nyuma walijua kinachofuata.

Brecel akachukua fremu iliyofuata, 17-15. Kwenye ile ya mwisho akaingia mezani akapiga 112 kwa mkupuo mmoja, mipira inazama kama yuko nyumbani na washkaji. 18-15. Bingwa wa kwanza wa dunia kutoka Ulaya bara, na namba 2 kwenye viwango. Mtu ambaye wiki mbili nyuma alikuwa hajashinda hata mechi moja kwenye ukumbi ule, kama Joe Johnson wa 1986.

Wenye imani zao wanasema Crucible ina laana: tangu 1977 mpaka mashindano ya 2025, hakuna bingwa wa mara ya kwanza aliyeweza kutetea taji lake mwaka unaofuata. Johnson alifika fainali 1987, Davis akamlipa 18-14. Aprili 2024 Brecel alifungua dimba dhidi ya David Gilbert aliyetokea kwenye mchujo. Akaongoza 9-6, anahitaji fremu moja tu. Gilbert akachukua nne mfululizo, 10-9. Brecel alikuwa amerudi kwenye kiti anachokijua kuliko mtu yeyote.

Mwaka huo Jak Jones, yule aliyempiga Robertson, alitembea mpaka fainali, Kyren Wilson akamzuia 18-14. Zhao Xintong alitumikia adhabu ya miezi 20, akarudi kama mchezaji wa ridhaa, na Mei 2025 akawa bingwa wa kwanza wa dunia kutoka China, akiwa ametokea kwenye mchujo, amemfunga O'Sullivan 17-7 na Williams 18-12. Mchezaji wa ridhaa akabeba kombe lenyewe.

Na Si Jiahui? Watu wengi walidhani ile 14-5 itamzika. Mwaka uliofuata alipita tena kwenye mchujo, akarudi kwenye ukumbi ule ule, droo ikampa Mark Williams. Wakafika 9-9. Fremu ya mwisho akaichukua dogo.